Kompyuta Inayozimika Ghafla: Tuanzie Kwenye Umeme Kabla ya Kufungua Pochi

Mada kwa watumiaji wa umeme na vifaa vya ofisi, Didia, Wilaya ya Shinyanga



Tumekuja kuzungumzia jambo linaloonekana dogo hadi limfike mtu mwenyewe: kompyuta ya mezani inayozimika yenyewe, bila onyo, katikati ya kazi.

Tuchukue mfano. Kando ya lami kuna duka la kuchapa na kudurufu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anajaziwa ombi la mkopo wa elimu ya juu, na siku hiyo ndiyo ya mwisho ya kupokea maombi. Mama mwenye duka amekwisha kujaza kurasa kadhaa. Mara kioo kinakuwa cheusi. Anawasha tena, anaanza upya, na kabla hajafika alipokuwa, kioo kinakuwa cheusi tena. Mama huyo ana historia ndefu na mashine ile. Fundi wa kwanza alimwekea Windows upya. Wa pili alimbadilishia RAM. Wa tatu alimuuzia madabodi. Wote walilipwa, na kompyuta iliendelea kuzimika. Mwishowe ilibainika kuwa ubovu ulikuwa kwenye ekstensheni iliyolala chini ya meza, yenye tundu moja lililoungua kwa ndani.

Mfano huu hauna jina la mtu, kwa sababu unaweza kuwa wa yeyote kati yetu. Neno letu kwenu leo ni moja: kabla ya kulipia kipuri chochote, tafuteni kwanza ni wapi umeme unapotelea njiani. Sehemu kubwa ya utafutaji huo haihitaji fedha. Inahitaji macho, masikio na daftari.

Je, kweli ni umeme?

Kompyuta huzimika kwa namna mbalimbali, na kila namna ina maana yake.

Ikiwa inaonyesha kwanza maandishi kwamba inajifunga au inasasisha programu, hiyo imeamriwa na Windows yenyewe. Umeme hauna kosa. Ikiwa kioo kinageuka buluu na kutoa maandishi ya hitilafu kabla ya kuwaka upya, mara nyingi chanzo ni programu au kifaa cha ndani kama RAM na diski. Lakini ikiwa kila kitu kinakatika kwa mkupuo mmoja, feni zikanyamaza na taa za mbele zikafa, kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani, hapo ndipo tunaposhuku umeme au joto.

Joto nalo lina tabia yake. Kompyuta yenye joto huzimika baada ya kufanya kazi kwa muda, hasa kazi nzito au mchana wa jua kali, na ukiiwasha papo hapo huzimika mapema zaidi kuliko mara ya kwanza. Wakazi wa Shinyanga tunalijua vumbi la kiangazi. Likijaa kwenye feni na matundu ya hewa, mashine hukosa pumzi. Kompyuta iliyowekwa sakafuni, ubavu ukigusa ukuta, hujaa vumbi upesi kuliko iliyoinuliwa juu ya meza.

Windows huweka kumbukumbu ya matukio. Baada ya kukatika ghafla, mara nyingi huandika tukio namba 41. Wapo wanaoonyeshwa namba hiyo na kuambiwa kwamba imethibitisha ubovu wa kipuri fulani. Sivyo. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Haisemi ni kwa nini. Faida yake kubwa ni kwamba inatunza tarehe na saa, na saa hizo tutazihitaji.

Sehemu ya kwanza: kutoka nguzoni hadi kwenye mita

Mkoa wetu haukutengwa na gridi ya Taifa. Njia kubwa ya kusafirisha umeme ya msongo wa kilovolti 400 inatoka Iringa, inapita Dodoma na Singida, na kuishia hapa Shinyanga. Hata hivyo, kompyuta ya dukani haili kilovolti 400. Inakula volti 230 zinazotarajiwa kwenye soketi, na kati ya njia ile kubwa na soketi yako kuna laini ndefu za vijijini, transfoma, nguzo na waya wa kuingia nyumbani. Mahali pengi ambapo umeme hudhoofika ni katika mita mia chache za mwisho.

Tazameni kinachotokea katika vijiji vyetu. Transfoma moja inahudumia nyumba, mashine ya kukoboa mpunga na karakana ya kuchomelea vyuma. Kwa ndugu zetu wa upande wa Kahama na Geita, karasha za kusaga mawe ya dhahabu nazo hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishachanganya. Kwa muda huo mfupi volti za jirani hushuka. Taa hufifia kidogo na kurudi, nanyi husema umeme unacheza. Friji haijali. Kompyuta inaweza kujali sana.

Hivyo basi, swali la kwanza la kujiuliza kompyuta inapozimika ni hili: taa zilifanya nini? Zikififia au kupepesa wakati huo huo, nendeni kwa jirani mkaulize kama naye aliona. Jirani akisema ndiyo, ubovu haumo ndani ya kompyuta pekee, na kununua madabodi ni kutupa fedha. Sikilizeni pia saa. Ikiwa kuzimika kunatokea kila mara mashine ya kukoboa inapowashwa, mmekwisha kupata jibu bila kufungua skrubu hata moja.

Kuna dalili moja ambayo haitaki subira. Ikiwa baadhi ya taa zinang'aa kupita kawaida huku nyingine zikififia, au kifaa kinanguruma na kutoa harufu, yawezekana waya wa nyutro umekatika au umelegea. Katika hali hiyo volti za nyumba moja zinaweza kupanda hadi kukaribia 400. Zimeni swichi kuu mara moja, chomoeni vifaa, kisha toeni taarifa TANESCO. Mtu asipande nguzo, wala asiguse waya wa nje.

Mvua zinapoanza, radi nazo huanza. Mawingu yakikusanyika, kuzima swichi hakutoshi. Chomoeni plagi ukutani, na kama intaneti inaingia kwa waya, chomoeni waya huo pia. Fanyeni hivyo kabla radi haijafika juu ya paa, wala si wakati inapiga.

Sehemu ya pili: kutoka kwenye mita hadi kwenye plagi

Ikiwa taa zimetulia, jirani hana habari, na kompyuta bado inazimika, rudini ndani ya nyumba.

Anzeni na ekstensheni. Iondoeni kabisa, mchomeke kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani kwa siku mbili au tatu. Ikitulia, mmepata mhalifu. Ekstensheni nyembamba iliyobebeshwa kompyuta, printa, pasi na birika la umeme hulegea kwa ndani, hupata joto, na mguso wake huwa wa kubahatisha. Plagi yenye joto mkononi, tundu lenye weusi, au mlio wa kutatarika ni onyo la moto. Kifaa hicho kisirekebishwe kwa utepe, kitupwe.

Pili, jaribuni soketi nyingine ya chumba kingine. Tatu, tazameni waya unaoingia nyuma ya kompyuta. Mara nyingi haujakaa sawasawa, na mguu ukiugusa chini ya meza, mashine hufa. Waya huo hubadilishwa kwa urahisi. Azimeni wa jirani, mjaribu.

Nne, jiulizeni kama kompyuta imechomekwa kwenye kile kifaa cha kulinda friji, ambacho wengi huita gadi. Kifaa hicho kimetengenezwa ili kukata umeme volti zikishuka, kisha kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kwa friji ni ulinzi mwema. Kwa kompyuta, kukata huko ndiko kuzimika kwenyewe. Duka linaweza kuhangaika mwezi mzima na kompyuta, kumbe gadi inafanya kazi yake kwa uaminifu.

Tano, angalieni printa ya leza. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, mara nyingi zaidi ya wati 500, ilhali kompyuta ya kawaida ya ofisini mara nyingi haizidi wati 150. Ikiwa kompyuta hufa printa inapoanza kazi, itengeeni printa soketi yake.

Mkigusa gamba la chuma la kompyuta na kuhisi mnyweso wa umeme, mfumo wa ethi wa nyumba una kasoro au haupo. Hapo acheni kutumia mashine, mkamwite fundi wa umeme. Muulizeni leseni yake. EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga mifumo ya umeme majumbani, na mwananchi ana haki ya kuiona kabla ya kumruhusu mtu kugusa nyaya za nyumba yake.

Sehemu ya tatu: ndani ya gamba

Ikiwa njia yote hadi kwenye plagi ni nzima, tunafika kwenye pawa saplai. Hiki ni kisanduku cha chuma chenye feni, kilicho mahali waya unapoingia. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa volti 230 kuwa umeme tulivu wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na vipuri vya ndani.

Ndani yake mna kapasita, ambazo tunaweza kuzifananisha na mtungi wa maji. Bomba likikatika kidogo, mtungi huendelea kutoa maji. Pawa saplai ya kawaida iliyo nzima imeundwa kustahimili umeme ukikosekana kwa takriban milisekunde 16; yaani sekunde moja ikigawanywa sehemu 1,000, ni sehemu 16 tu kati ya hizo. Kapasita zikizeeka, zikivimba au kuvuja kwa sababu ya joto na miaka, mtungi hupungua ujazo. Mpepeso ambao zamani haukuonekana sasa unaizima mashine.

Hapa tunawapa kipimo chepesi. Ikiwa mna kompyuta mbili katika chumba kimoja, kwenye umeme mmoja, na taa zinapopepesa moja hufa na nyingine huendelea, badilishaneni soketi zake. Ile ile ikiendelea kufa, pawa saplai yake ndiyo ya kwanza kushukiwa. Dalili nyingine ni kukatika kazi inapokuwa nzito na taa zikiwa zimetulia, kukataa kuwaka hadi isubiriwe kwanza, harufu ya kuungua, au feni ya nyuma isiyozunguka.

Njia ya uhakika ya kuthibitisha ni kufunga kwa muda pawa saplai nyingine iliyo nzima na inayooana na mashine. Fundi mwaminifu hukubali kujaribu kabla ya kuuza. Anayesema tununue kwanza ndipo tuone, anawaomba ninyi mlipie kubahatisha kwake.

Tunasema jambo hili kwa mkazo: msifungue kisanduku cha pawa saplai. Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Vumbi la nje na la kwenye feni linaweza kupulizwa, mashine ikiwa imechomolewa, lakini skrubu za kisanduku hicho ziachwe. Hata mjusi au mende akiingia humo, msimfuate kwa bisibisi.

Kuna pia swichi ndogo nyekundu nyuma ya baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani, yenye namba 115 na 230. Kompyuta iliyotumika katika nchi kama Marekani inaweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa hapa kwetu hivyo, huungua papo hapo. Hakikisheni inasoma 230 kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza.

Mkiamua kununua

Stebilaiza na UPS si kitu kimoja. Stebilaiza hurekebisha volti zikipanda au kushuka, lakini umeme ukikatika nayo hukatika. UPS ina betri, na huchukua mzigo katika milisekunde chache. Kwa anayeandika nyaraka za watu, UPS yenye kirekebisha volti ndani yake ndiyo inayofaa zaidi. Haikusudiwi kufanyia kazi siku nzima. Inatoa dakika za kuhifadhi kazi na kufunga mashine kwa utaratibu.

Someni wati, msisome VA pekee. UPS iliyoandikwa VA 650 mara nyingi hubeba kati ya wati 350 na 400. Kompyuta na kioo chake vinatosha humo. Printa ya leza haipaswi kuwekwa humo kamwe. Kumbukeni pia kwamba betri ya UPS huchoka baada ya miaka michache, na joto huifupishia maisha. UPS ya mtumba isiyojaribiwa kwa kuchomolewa ukutani ikiwa na mzigo ni sanduku zito tu.

Kuhusu pawa saplai, lebo yenye wati nyingi si ushahidi wa nguvu. Tazameni mstari wa volti 12, mzidishe kwa ampea zilizoandikwa. Volti 12 kwa ampea 25 ni wati 300. Ikiwa kisanduku kimeandikwa wati 500 lakini hesabu hiyo inatoa kidogo sana, au kisanduku ni chepesi mno mkononi, kiacheni. Kompyuta nyingi za mitumba zilizotoka maofisini hutumia pawa saplai za umbo na plagi za pekee. Nendeni dukani na ile ya zamani mkononi, mlinganishe.

Haki zenu

Daini risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na tarehe, na muda wa dhamana uandikwe. Kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, mlaji analindwa dhidi ya udanganyifu katika uuzaji wa bidhaa. Kibandiko cha ukutani kisemacho mali ikishauzwa hairudishwi kisimfanye mwenye kipuri kibovu anyamaze. Arudi kwa muuzaji akiwa na risiti, na asiposikilizwa apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, yaani FCC, ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Bidhaa isiyokidhi viwango iripotiwe Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Kwa umeme unaocheza, taarifa ya kwanza ni kwa TANESCO. Ombeni namba ya taarifa na muitunze. Msiporidhika na majibu, mlango wa pili ni EWURA, yenye mamlaka ya kupokea malalamiko ya wateja wa umeme, na EWURA CCC, ambalo ni baraza la ushauri la watumiaji, linaweza kuwaelekeza. Malalamiko ya majirani kumi wa transfoma moja, wakiwa na tarehe zinazofanana, yana uzito kuliko sauti ya mmoja anayesema umeme wetu mbovu.

Daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunawaomba muanze leo. Chukueni daftari la kurasa chache, mlitundike karibu na kompyuta. Kila inapozimika, andikeni mambo matano: tarehe na saa, taa zilifanya nini, jirani aliona nini, ni kifaa gani kingine kilikuwa kinafanya kazi, na kompyuta ilikuwa imechomekwa wapi. Baada ya wiki mbili, someni. Mkiona taa zilififia mara nyingi, nendeni TANESCO na daftari hilo. Mkiona ekstensheni ile ile katika kila mstari, itupeni. Mkiona taa zilitulia, soketi zikabadilishwa, na mashine ikafa vilevile, mpelekeeni fundi kompyuta pamoja na daftari, naye ataanzia kwenye pawa saplai badala ya kuanzia kwenye pochi yenu.

Na hadi hapo ubovu utakapopatikana, hifadhini kazi kila baada ya ukurasa mmoja, na wekeni nakala kwenye flashi. Kipuri hununuliwa tena. Ombi la mkopo lililokosa siku yake, au hesabu za pamba za wanachama wa AMCOS zilizopotea na diski, hazinunuliki.

Ndugu zetu, hatukuja kuwafanya mafundi. Tumekuja ili mnapokaa mbele ya fundi au muuzaji, mjue cha kuuliza. Mama wa mfano wetu alilipia Windows, RAM na madabodi kabla ya mtu yeyote kuinama chini ya meza. Tukitoka hapa, kila mmoja wetu ainame kwanza chini ya meza yake.